Kukata mifereji ya freti kwa CNC bila kuvunja biti

Ndugu, umesema unapokata kwa CNC (mashine inayoongozwa na kompyuta) mifereji ya freti, yaani vyuma vinavyopachikwa shingoni mwa gitaa, biti ya kukatia ya milimita 0.6 inavunjika kila ukifika freti ya tatu au ya nne, na ubao wako ni mpingo. Mimi ningeanza na koleti (kibano kinachoshika biti), siyo programu. Isafishe, funga biti ikiwa imechomoza kidogo tu, kisha pima kama inazunguka bila kuyumba. Biti nyembamba hivyo haivumilii kuyumba, na ikiyumba hupanua mfereji, freti ikalegea.

Mpingo ni mgumu mno. Shuka milimita 0.1 kwa kila pito, spindo (mhimili unaozungusha biti) ikizunguka mara 20,000 au zaidi kwa dakika, na ufyonze vumbi muda wote. Vumbi likijaa mferejini, biti hulisaga tena, hupata moto na kukatika. Kina cha milimita 2.5 kinamaanisha mapito 25, kwa hiyo kazi itachukua muda. Usiiharakishe.

Kuhusu vipimo: kwa urefu wa nyuzi wa milimita 648, gawanya kwa 17.817 upate 36.37, ndipo freti ya kwanza. Ya 12 lazima iangukie 324 kamili. Pima zote kuanzia nyuzi zinapoanzia upande wa kichwa cha gitaa, siyo freti hadi freti, maana kosa dogo hujilimbikiza na gitaa halitakaa sawa kwenye noti za juu.

Pima pia unene wa ulimi wa freti zako (sehemu inayoingia mferejini) kwa kalipa, halafu kata mfereji mmoja kwenye kipande cha mpingo huohuo. Freti iingie kwa kugongwa taratibu na nyundo. Ukiweza kuisukuma kwa kidole, tafuta biti nyembamba zaidi.