Anainama kama anayetoa salamu, na kipimo kimesema yuko sawa

SWALI: Shikamoo daktari. Mwanangu wa kiume ana miezi sita na nusu. Tangu mwezi uliopita, kila akiamka usingizini shingo inajikunja ghafla kifuani na mikono inaruka pembeni kama aliyeshtuka. Anatulia kidogo, halafu tena, hata mara ishirini. Akimaliza analia. Homa hana. Zahanati waliniambia ni gesi, mama mkwe anasema ni mchango. Nilimpeleka hospitali akapimwa EEG, kile kipimo cha umeme wa ubongo, akiwa macho, kama dakika ishirini hivi, majibu wakaandika ni ya kawaida. Mbona bado anafanya? Hili ni degedege au kifafa? – Mama, Tanga.

JIBU: Marahaba mama. Nianze na lililo la haraka. Ulivyoeleza, nina wasiwasi mkubwa kwamba hiki ni kifafa cha aina yake kinachowapata watoto wa umri huu, na EEG ya dakika ishirini mtoto akiwa macho haitoshi kusema hana. Mrudishe hospitali wiki hii hii, usingoje kliniki ya mwezi ujao.

Degedege tulilolizoea pwani huja na homa. Mtoto wa kati ya miezi sita na miaka mitano mwili unawaka, anakakamaa, anatupa mikono na miguu, macho yanapinduka, na mara nyingi ndani ya dakika chache limepita. Ndilo hilo ambalo wazee walisema limeletwa na ndege wa usiku, wakamfukiza mtoto kinyesi cha tembo. Mtoto wa namna hiyo anahitaji kupimwa malaria na sukari siku hiyo hiyo, na daktari ahakikishe si homa ya uti wa mgongo. Wako hana homa, na mwendo wa tukio lake ni mwingine kabisa.

Utazame mwendo huo vizuri. Mtoto mwenye msokoto wa tumbo hulia mfululizo, anajinyonganyonga, anavuta miguu, na anaweza kuendelea hivyo nusu saa. Anayeshtushwa na mlango uliobamizwa hurusha mikono mara moja, basi, na tabia hiyo huisha karibu na miezi sita. Wako anajikunja sekunde moja au mbili, anapumzika sekunde chache, anajikunja tena, kwa mfululizo, na hasa akiamka. Mfululizo huo wa baada ya kuamka ndio unaonipa wasiwasi kuliko kitu kingine chochote kwenye barua yako.

Mwaka 1841 daktari mmoja wa Tonbridge, Uingereza, William James West, aliliandikia jarida la Lancet barua kuhusu mtoto wake mwenyewe. Alieleza jinsi mwanawe alivyokuwa akiinamisha kichwa hadi magotini kisha kuinuka, mara kumi hadi ishirini na zaidi kila yanapomjia, akaomba wenzake wamsaidie, maana ruba, kalomeli (dawa ya zamani ya kuharisha yenye zebaki) na afyuni vyote vilikuwa vimeshindwa. Daktari mwingine aliyemwendea London aliyaita matukio hayo kwa jina la salaam, kwa sababu mtoto aliinama kama mtu anayetoa salamu. Leo kifafa hiki tunakiita sindromu ya West. Ukisoma maelezo ya baba yule na ya kwako, mama, yamekaribiana mno.

Sasa EEG. Kipimo hiki kinasikiliza tu umeme ambao ubongo wenyewe unatoa. Hakiingizi umeme kichwani, hakiumi. Tunachotafuta kinaitwa hipsarithmia: mawimbi makubwa yaliyovurugika, yasiyo na mpangilio. Kwa baadhi ya watoto, hasa ugonjwa ukiwa mchanga, vurugu hiyo huonekana wakilala tu. Wakiwa macho karatasi inaweza kutoka safi. Kwa hiyo omba kirudiwe kwa namna hii: mtoto arekodiwe anaposinzia, akilala, na dakika kadhaa baada ya kuamka.

Jiandae. Mwogeshe kichwa kwa sabuni usiku wa kuamkia siku hiyo, na usimpake mafuta ya nazi, kwa sababu zile waya hazishiki kwenye nywele zenye mafuta. Njiani mchezeshe asilale. Mnyonyeshe mkifika, waya zikiwa zimeshafungwa, alale mikononi mwako. Mwambie fundi wa kipimo mapema kwamba mnahitaji usingizi na kuamka, maana asipojua atakamilisha dakika zake akuruhusu uende.

Kabla ya yote hayo, piga video. Nimewahi kumchunguza mtoto kuanzia utosini hadi nyayoni nisione lolote, mama yake akatoa simu, na sekunde arobaini zikanionyesha ugonjwa wenyewe. Weka simu tayari kabla hajaamka, dirisha wazi ili mwanga utoshe, mfunue shuka, mwili mzima uonekane. Usimshike. Hesabu kwa sauti kila anapojikunja, hesabu yako itasikika kwenye video.

Hujaniandikia kama ameacha kitu alichokuwa anakiweza. Je, alikuwa anakucheka, anafuata uso wako, anashika kijiko, na sasa hajali? Mwambie daktari hata asipokuuliza. Mweleze pia uzazi ulivyokuwa: alilia mara moja au alichelewa, aliwahi kulazwa kwa manjano, sukari kushuka au maambukizi ya ubongo. Mvue nguo karibu na dirisha umwangalie kama ana mabaka meupe, yenye umbo la jani, kwenye mgongo au miguu. Mabaka hayo yanaweza kuashiria ugonjwa wa vinasaba unaootesha vivimbe kwenye ubongo, na yakiwepo uchaguzi wa dawa hubadilika: wengi tunaanza na vigabatrini.

Kwa wengine wengi tiba ni prednisoloni ya vidonge kwa dozi kubwa, au sindano za homoni iitwayo ACTH. Ukiandikiwa fenobabitoni peke yake, uliza kwa heshima kwa nini, kwa sababu haizuii vizuri aina hii. Kabamazepini, dawa nyingine ya kifafa, inaweza hata kuizidisha. Prednisoloni nayo ina masharti: mtoto apimwe shinikizo la damu na sukari, akipata homa arudi siku ile ile, chanjo zenye virusi hai kama ya surua zisubiri hadi daktari aruhusu, na usiikatishe ghafla hata siku moja. Tunachotaka ni kujikunja kukome kabisa na EEG isafike. Kutoka mara ishirini kwenda mara tano hatuhesabu kuwa amepona, na ukiona hivyo baada ya wiki mbili rudi ili tiba ibadilishwe.

Haraka hii ina sababu. Kila wiki vurugu ile inapoendelea, ubongo wa mtoto unakosa nafasi ya kujifunza kukaa, kushika, kutamka. Wanaoanza tiba mapema kwa jumla hufanya vizuri zaidi, ingawa chanzo cha ugonjwa nacho kina uzito wake, na siwezi kukuahidi matokeo nikiwa sijamwona.

Mama mkwe usigombane naye. Mwonyeshe video, umwombe aje nawe hospitali, utahitaji mtu wa kumbeba mtoto ukiwa kwenye foleni. Hukufanya lolote wakati wa mimba au kunyonyesha lililomletea haya, na wala si pepo.

Anzia kwa daktari wa watoto hospitali ya mkoa, Bombo, ukiwa na video, kadi ya kliniki na lile jibu la EEG. Akiona inafaa atakuandikia rufaa ya hospitali kubwa, KCMC ya Moshi au Muhimbili ya Dar es Salaam. Akikakamaa dakika tano bila kuachia, akashindwa kupumua vizuri au akawa haamki, usiku ule ule nenda hospitali iliyo karibu. Mlaze ubavu njiani, na msimtie kijiko mdomoni.