Jibu: Simu za waokoaji kutafutana pasipo mnara

Mkuu, umeuliza kama simu za 4G za waokoaji zinaweza kutafutana zenyewe pale ambapo hakuna mnara, na kama kutafutana huko hakutamaliza chaji. Zinaweza. 3GPP, wale wanaoandika kanuni za mitandao ya simu, waliliingiza jambo hili katika Toleo la 12, na Toleo la 13 likawaruhusu watu wa dharura kutambuana hata nje ya mtandao. Shida ni kelele.

Oktoba 2020, mlima Kilimanjaro ulipowaka moto, nilipanda kutokea Marangu na kundi la kujitolea, redio call mkononi. Kiongozi wetu akasema kila mmoja ataje alipo. Tukabonyeza wote. Kilichosikika ni mkwaruzo tu. Akatulia kidogo, akaanza kuita mmoja mmoja kwa jina, na dakika chache baadaye tukajulikana wote tulipo. Asubuhi yake tulipokuwa watano hakuna aliyehitaji utaratibu wowote.

Simu nazo zina njia hizo mbili. Ama kila moja inatangaza "nipo hapa", ama moja inauliza "fulani upo?" na anajibu mhusika peke yake. Kama unamjua unayemtafuta, usihangaike na ya kwanza.

Kwenye kutangaza, muda hugawanywa kwa mizunguko, mrefu zaidi ukiwa wa sekunde 10.24, na kila mzunguko una nafasi zake. Mnara usipokuwepo wa kuzipangia, simu hujichagulia nafasi kwa bahati nasibu. Chaji inaokolewa hapa: simu inaamka nafasi zikifika, zikipita inalala. Ila mbili zikiangukia nafasi moja zinavurugana, na tena simu ikiwa inatangaza yenyewe haisikii mwingine.

Niliwahi kukaa na kalamu nikapiga hesabu. Chukua nafasi 40. Simu 20 zikitangaza zote, kwa wastani 12 zinapita salama. Ukiziambia zirushe shilingi kwanza, yaani kila moja itangaze mzunguko mmoja kati ya miwili, zinapita kama 8, umejipunja bure. Sasa leta simu 100. Zikitangaza zote zinapita 8 tu, zikirusha shilingi zinapita 14. Shilingi ileile! Kanuni zinakupa viwango vinne vya uwezekano wa simu kutangaza, asilimia 25, 50, 75 na 100, kwa hiyo mwenye kukuuzia mfumo muulize nani anakibadilisha kiwango watu wakiongezeka. Mimi ningetaka simu yenyewe ihesabu majirani inaowasikia, ijirekebishe. Kurefusha mzunguko kunaokoa betri, kweli, lakini aliyenaswa korongoni atachelewa kuonekana.

Jambo jingine ambalo wengi hulisahau: nje ya mtandao simu hutumia mipangilio iliyowekwa ndani yake kabla. Vikosi viwili vikija na mipangilio tofauti, watapishana hatua kumi na wasionane. Muwekeane mkiwa bado mjini Moshi, si getini.

Na usikimbilie duka la simu. Simu za kawaida za madukani hazina uwezo huu, hata iwe ya bei gani. Kundi letu bado tunapanda na redio call za mawimbi ya VHF, na tunaitana kwa majina.