Re: Balisong inanikata vidole na mipini inacheza, shida nini?

Mambo mkuu. Unasema kila ukiizungusha balisong yako, yaani kisu cha kukunja chenye mipini miwili inayozunguka, inakukata na mipini imelegea. Kwanza cheki kile kikufuli cha mwishoni kiko mpini gani, mara nyingi wanakiweka kwenye mpini unaofunika makali, sasa ukishika mpini huo, kisu kikijifunga makali yanakuja moja kwa moja kwenye vidole, mimi nilishonwa nyuzi tatu kwa kosa hilohilo. Shika ule mpini mwingine, unaofunika mgongo wa kisu. Kuhusu kulegea, kama ni skrubu kaza kidogokidogo huku unajaribu, kama ni ribiti mpelekee fundi usigonge mwenyewe. Halafu aliyekuambia asili ya balisong ni Uchina kakudanganya, asili yake ni mkoa wa Batangas, Ufilipino, pale mji wa Taal kuna mpaka barangay (kama mtaa au kijiji) inaitwa Balisong.