Mnaouliza kama China ni ya kukimbilia

Swali linalokuja kila mara ni lile lile: China kuna amani, uchumi unapaa, serikali yao na zetu ni marafiki tangu enzi za TAZARA, ile reli waliyotujengea, basi kwa nini mtu asipande ndege akajitafutie? Amani ipo kweli, uchumi ni mkubwa kweli, ila urafiki wa serikali haugongwi muhuri kwenye pasipoti ya mtu.

Usiku wa manane kwenye miji ya Guangzhou au Yiwu, mwanamke anatembea peke yake na simu mkononi, hasumbuliwi. Kamera zimejaa na malipo karibu yote ni ya simu, kwa hiyo kibaka hana cha kukwapua wala pa kujificha. Kamera hizo hizo zinakuona na wewe. Sheria ya uhamiaji iliyoanza Julai 2013 inamtaka mgeni asiyelala hotelini ajiandikishe polisi ndani ya saa 24. Unakwenda kituo cha mtaa wako na pasipoti, mkataba wa pango na nakala ya kitambulisho cha mwenye nyumba. Baadhi ya miji inapokea kwa simu. Unapewa karatasi yenye jina, namba ya pasipoti na anwani. Ukihama, ukibadili viza au pasipoti, unaanza upya. Hapa wengi hunasa: mwenye nyumba anayekwepa kodi ya serikali hataki kuonekana kituoni, anakushushia pango kidogo ili unyamaze. Faini inafika yuan 2,000, na bila karatasi hiyo maombi ya kibali cha ukaazi hukwama. Muulize kabla hujatoa amana.

Kazi sasa. Ulaya na Marekani watu huanza kwa kubeba boksi. China boksi lina wenyewe: vibarua waliotoka vijijini kwao ni karibu milioni 300, na hata hao hubanwa na hukou, usajili wa kaya unaowawekea vikwazo watoto wao kupata shule mjini. Mgeni wa kawaida anatakiwa awe na shahada, uzoefu wa miaka miwili, hati ya polisi ya mwenendo mwema na cheti cha afya. Mwajiri ndiye anayeanza kuomba idhini, kisha ubalozi unakupa viza ya Z, ndiyo ya kazi, na ukishaingia una siku 30 za kuomba kibali cha ukaazi. Dalali anayesema "ingia na M, tutabadilisha huko huko" muogope. M ni viza ya biashara. Kufanya kazi bila kibali ni faini ya yuan 5,000 hadi 20,000, na kesi ikiwa nzito unaongezewa mahabusu siku 5 hadi 15. Kuzidisha muda wa viza ni yuan 500 kwa siku, mwisho 10,000, au mahabusu. Wanafunzi nao wasidanganyane: kibarua cha muda kinahitaji ruhusa ya chuo, na ruhusa hiyo iandikwe kwenye kibali cha ukaazi.

Huo uchumi unaopaa nao una mashimo. Mwaka 2024 ulikua kwa asilimia 5, lakini Juni 2023 ukosefu wa ajira kwa vijana wa mijini ulifika asilimia 21.3, serikali ikasitisha takwimu hizo, ikazirudisha baadaye bila kuhesabu wanafunzi. Akiba za familia nyingi zimelala kwenye nyumba ambazo bei yake imeshuka, na Evergrande, kampuni kubwa ya kujenga na kuuza nyumba, iliamriwa na mahakama ya Hong Kong ifilisiwe Januari 2024. Kwa mfanyabiashara wetu hali hii ina pande mbili. Kiwanda chenye njaa ya oda kinapunguza bei na kukubali mzigo mdogo, ila kinaweza pia kufungwa na amana yako ikiwa ndani. Desturi ni kulipa asilimia 30 mwanzo na 70 kabla ya kupakia. Hiyo 70 isitoke mpaka mtu wako afungue katoni kadhaa, tena za katikati, zile za juu hupangwa vizuri makusudi.

Mambo ya nje? Tangu 1 Desemba 2024 bidhaa za nchi maskini zaidi, Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo ya Kinshasa zikiwamo, zinaingia China bila ushuru. Kenya haikuwamo kwenye kundi hilo. Hiyo ni ya ufuta na kahawa, si ya watu. Aprili 2020 Waafrika walifukuzwa kwenye nyumba na hoteli Guangzhou kwa hofu ya korona, hata waliokuwa na karatasi safi. Mabalozi wa Afrika waliandika barua ya kulalamika, lakini watu walikuwa wameshalala nje.

Siasa za ndani usiziguse. Ukomo wa mihula miwili ya urais ulifutwa Machi 2018, na makundi ya WeChat, programu yao ya kutumiana ujumbe, hayana siri: Taiwan, Tibet na Xinjiang si mada za utani. WhatsApp, Google na Facebook zimefungwa, kwa hiyo ndugu wa nyumbani waweke WeChat mapema, maana akaunti mpya mara nyingi hudai mtu mwingine mwenye akaunti tayari aithibitishe.

Uhamiaji wa China una namba 12367, saa 24, na wanajibu kwa Kiingereza pia. Piga hapo kabla hujamtumia dalali hela.