Bacula inapakia tepu draivu moja, inaisubiri kwenye nyingine

Mkuu, kwa maelezo yako seva ya Ubuntu ilikuwa inapiga bakapu vizuri kwa programu ya Bacula, kwenye maktaba ya tepu (sanduku lenye roboti ya kubadilisha tepu) yenye draivu mbili. Umeme ukakatika, seva ikawaka upya, na tangu hapo roboti inapeleka tepu draivu moja huku Bacula inaisubiri kwenye nyingine. Usiguse mipangilio ya kazi zako, na tepu usizifute. Majina ya draivu yamebadilishana, basi.

Linux inazipa draivu majina nst0 na nst1 kwa kufuata draivu ipi imeonekana kwanza wakati wa kuwaka. Roboti haiyajui majina hayo, yenyewe inahesabu 0 na 1 kwa nafasi za draivu ndani ya maktaba. Kwa hiyo kupatana kwao siku zote kulikuwa bahati tu.

Thibitisha hivi. Simamisha bacula-sd (sehemu ya Bacula inayoendesha draivu), halafu piga lsscsi -g kuorodhesha vifaa. Mstari wenye mediumx ndiyo roboti, na jina lake liko mwishoni. Tuseme ni /dev/sg3. Amri ya mtx inaiamuru roboti, mt inaiuliza draivu:

mtx -f /dev/sg3 load 1 0
mt -f /dev/nst0 status

Hapo sloti namba 1 iwe na tepu na draivu iwe tupu. Ukiona ONLINE, draivu 0 ndiyo nst0. Usipoiona, uliza nst1. Ukimaliza rudisha tepu kwa mtx -f /dev/sg3 unload 1 0.

Sasa ingia /dev/tape/by-id. Majina ya humo yanatokana na namba ya kiwandani ya kila draivu, kwa hiyo hayahami hata uzime mara ngapi. Chukua linaloishia na -nst, uliweke kwenye Archive Device ndani ya bacula-sd.conf, na Drive Index (namba ya draivu kwa roboti) ilingane na ulichokiona kwa mtx. Hiyo n ya nst usiidharau: bila hiyo tepu inarudishwa mwanzo kila kifaa kinapofungwa. Changer Device (yaani roboti) nayo ipe jina la kudumu, maana sg3 leo kesho inaweza kuwa sg5. Washa bacula-sd, kisha piga update slots kwenye bconsole (dirisha la amri la Bacula) ili isome upya sloti.

Aliyekushauri ununue kadi ya RAID (ya kuunganisha diski nyingi kama moja), achana naye. Draivu za SAS zinataka HBA ya kawaida (kadi ya kuunganisha vifaa moja kwa moja na seva), na kadi nyingi za RAID hata haziioni tepu.

Kwa umeme wetu wa Dar, mpangilio wa kuwasha una uzito kuliko watu wanavyodhani. Ofisini kwetu Posta jenereta likishika, seva na maktaba vinaamka pamoja, lakini maktaba inachukua dakika kadhaa kukagua sloti zake. Seva ikiitangulia, inaweza isione draivu kabisa. Tunawasha maktaba kwanza, ikiandika iko tayari ndiyo seva inafuata.

Ikigoma bado, weka hapa matokeo ya lsscsi -g na kipande cha Autochanger cha bacula-sd.conf tukitazame.