"India imeifunga Korea": goli liko wapi?

SWALI

Assalamu alaykum Mwalimu. Mimi mzaliwa wa Unguja, naishi Muscat mwaka wa ishirini sasa. Kazini nina wenzangu wengi wa Kerala, India, watu wanaoupenda mpira wa wavu kama sisi tunavyopenda kandanda. Juzi walinionesha tena kwenye simu ile mechi ya Michezo ya Asia kule Hangzhou, China, ambayo India waliishangaza Korea Kusini. Jioni nikawahadithia wenzangu barazani: "India imeifunga Korea seti tatu kwa mbili." Mzee mmoja akanikata kauli: "Mpira wa wavu hauna goli. Kufunga ni kwa goli. Sema imeishinda." Mwengine akadakia kuwa hata hilo jina "mpira wa wavu" ni la vitabuni, watu wanasema voliboli, na Waarabu wanauita mpira unaoruka. Tumebishana hadi adhana ya Isha. Tunaomba utuamulie.

JIBU

Waalaykumu salaam, ndugu yangu. Mzee wako ana sikio zuri la lugha, ila neno hili amelisikiliza upande mmoja tu. Sentensi yako ni sahihi. Ingekuja mezani kwangu kuhaririwa ningeiacha ipite kama ilivyo. Naeleza kwa kirefu kidogo, maana humo ndani mna jambo jingine ambalo baraza zima halikuligusa.

Kitenzi -funga kina kazi nyingi. Tunafunga mlango, tunafunga mzigo, tunafunga ndoa, tunafunga Ramadhani. Katika michezo kina kazi mbili, na kinachozitenganisha ni yambwa, yaani kile kinachofungwa. Kinachofungwa kikiwa bao, maana yake ni kulipata: mshambuliaji amefunga bao. Kinachofungwa kikiwa mtu au timu, maana yake ni kumshinda. Kazi hii ya pili haidai goli, wala mlingoti, wala hata mpira. Simama kwenye meza ya drafti au ya karata saa kumi alasiri, utamsikia mtu akimwambia mwenzake, "Leo nimekufunga mara tatu." Hakuna atakayemuuliza goli liko wapi.

Igeuze iwe kauli ya kutendwa utaona zaidi. "Bao limefungwa" ni habari ya furaha kwa waliolipata. "Timu imefungwa" ni habari ya huzuni kwa timu hiyo hiyo inayotajwa. Kitenzi ni kimoja, na kilichobadilika ni nani amekaa kwenye nafasi ya kufungwa. Na ukisema "Michezo ya Hangzhou ilifungwa tarehe 8 Oktoba 2023" hukumaanisha bao wala kushindwa. Umemaanisha sherehe ya mwisho. Msikilizaji wa Kiswahili hupambanua maana hizi tatu bila kujua kwamba anapambanua.

Sasa tuitazame mechi yenyewe, maana inafundisha vizuri kuliko mifano ya kutunga. Michezo ile inaitwa ya 2022, ila kwa sababu ya Korona ilichezwa 2023. Mpira wa wavu wa wanaume ulianza mapema, na India na Korea Kusini walikutana ukumbi wa Linping tarehe 20 Septemba, siku tatu kabla ya Michezo kufunguliwa rasmi. Korea ilikuwa imetwaa dhahabu ya wanaume mara tatu, 1978, 2002 na 2006. Matokeo kwa seti, India ikitangulia, ni haya: 25-27, 29-27, 25-22, 20-25, 17-15.

Chukua kalamu ujumlishe. India ina alama 116. Korea nayo ina alama 116. Hakuna aliyemzidi mwenzake hata kwa alama moja katika mechi nzima, na bado mmoja kafunga na mwingine kafungwa.

Mpe mzee wako hesabu hii. Kama kufunga kungekuwa ni kuingiza alama tu, tungelazimika kusema wametoka sare. Kumbe kuifunga timu ni hukumu inayotoka mchezo ukishakwisha. Mpira wa wavu huhukumiwa kwa seti, na India walichukua tatu. Kwa hiyo katika mchezo huu neno "seti" halikwepeki. Kwenye kandanda ukisema "tatu kwa mbili" umemaliza. Hapa lazima useme tatu za nini, kwa kuwa kuna hesabu mbili zinazokwenda pamoja: seti tatu kwa mbili, na ndani ya seti ya tano, alama 17 kwa 15.

Hapo hapo nieleze kidogo kuhusu "kwa". Fainali ya wanawake Hangzhou, China waliifunga Japani 3-0. Wapo watangazaji wanaosema "seti tatu kwa bila". Kwa sikio langu hiyo haikai. "Kwa" inasubiri idadi upande wa pili, na "bila" ni kusema kwamba upande wa pili hakuna idadi. Chagua moja: seti tatu bila, au seti tatu kwa sifuri. Na tusizifanye "maseti". Seti, alama na pointi zote ziko katika ngeli ya I-ZI: seti imekwisha, seti zimekwisha.

Penye hoja ya mzee wako ni hapa. "Mchezaji amefunga pointi 20" ni usemi uliotoka kwenye kandanda ukapitia mpira wa kikapu, na kwenye kikapu unakaa vizuri, kwa kuwa kuna kitu mpira unaingia. Kwenye mpira wa wavu mimi siupendi. Fikiria Mkorea anaanzisha mpira, anaupiga chini kidogo, unaishia kwenye wavu. Alama ni ya India. Nani kaifunga? Hakuna. India wamepata alama bila kugusa mpira. Zamani haikuwa hivyo: mpaka mwishoni mwa miaka ya 1990, ukiacha seti ya tano, timu ilipata alama pale tu ilipokuwa yenyewe ndiyo iliyoanzisha mpira, mpinzani akishinda mpigo huo alipata haki ya kuanzisha, hakupata alama. Siku hizi kila mpira ukifa kuna alama, na alama nyingi ni zawadi ya makosa ya upande wa pili. Ndiyo maana napendelea kupata alama, kuchukua alama, au kuipatia timu alama. Ninayemsifu simwiti mfungaji bora, namwita mchezaji aliyepata alama nyingi kuliko wote. Ni maneno mengi zaidi, lakini ni ya kweli zaidi.

Kwa seti nako nasema kuchukua au kushinda. "Korea ilifunga seti ya nne" itamfanya msikilizaji asijue kama imeishinda seti hiyo au imeihitimisha.

Usemi mwingine wa kandanda ambao ningeomba watangazaji wauache mlangoni ni kutikisa nyavu. Kwenye kandanda nyavu ziko nyuma ya goli, mpira ukizifikia watu wanaruka. Kwenye mchezo huu wavu ni mmoja, umesimama katikati, na mpira ukiishia humo umepoteza. Mchezaji akiugusa anapokuwa anaucheza mpira, ni kosa, na mwamuzi anapuliza filimbi. Nimewahi kumsikia mtangazaji akisema timu "imezitikisa nyavu" baada ya mpigo mkali ulioanguka uwanjani kwa wapinzani. Alichokisema ni kinyume cha alichokiona.

Wavu na nyavu hamkuuliza, lakini swali hilo hunijia mara kwa mara. Wavu ni umoja, nyavu ni wingi, kama wembe na nyembe. Mchezo una wavu mmoja, basi ni mpira wa wavu. Wingi wa "mpira wa wavu" ni mipira ya wavu, na hiyo ni mipira yenyewe iliyomo kapuni, si michezo. Ukitaka ya kina mama na ya kina baba, sema mpira wa wavu wa wanawake, mpira wa wavu wa wanaume. Hizo "wa" zilizofuatana zinawakera baadhi ya wahariri, ila hazina kosa. Ya kwanza na ya pili zote zinaufuata mpira.

Huyo mwenzenu aliyesema voliboli hakukosea. Kenya ndilo neno la kila siku, na limeshavaa nguo za Kiswahili: voliboli ya wanawake, voliboli ya ufukweni. Tanzania mpira wa wavu unasikika zaidi, na mara nyingi watu hufupisha wakasema wavu tu, "timu ya wavu". Asijiaminishe tu kwamba neno la kwanza ni la vitabuni. Linakaa vizuri midomoni mwa watu wanaoishi na nyavu, wanaojua kwa mikono yao wavu ni kitu gani.

Tena jina hilo lina ndugu zake huko Asia. Kila lugha ilitazama mchezo ikachagua cha kuuita. Mwarabu akatazama mpira ulivyo hewani, akauita al-kura at-taira, mpira urukao. Neno hilo lina nasaba na tiara letu, lile tulilokuwa tukirusha ufukweni utotoni. Mchina anauita paiqiu, na pai ni safu: mpira wa safu. Mjapani na Mkorea wana jina lililojengwa kwa maandishi hayo hayo, haikyu na baegu, ingawa Mjapani wa leo hupenda zaidi kusema kwa matamshi ya Kiingereza yaliyojapanishwa. Kwa nini safu? Mchezo ulipofika Mashariki ya Mbali mwanzoni mwa karne ya 20 ulichezwa na watu wengi waliopangwa kwa safu. Kwenye Michezo ya Mashariki ya Mbali iliyofanyika Manila mwaka 1913, kila upande ulikuwa na wachezaji 16. Wakapungua polepole, na mpira wa wavu ulipoingia Michezo ya Asia kwa mara ya kwanza, Tokyo 1958, kulikuwa na mashindano ya wachezaji sita na mengine ya wachezaji tisa. Safu zimepungua, jina limebaki. Sisi tulichagua wavu, na wavu haujapungua.

Nimekuahidi jambo ambalo baraza halikuligusa. Ni herufi moja, na ndiyo ninayoijali kuliko yote.

Mzee alikusahihisha akasema "imeishinda". Hakusema "imeshinda". Huenda hakuwaza, lakini ulimi wake ulijua. Katika Kiswahili jina la nchi linakuwa mahali bila kuongezewa kitu: nakwenda Oman, anaishi Korea. Kwa hiyo "imeshinda Korea", bila ile -i- ya yambwa, yaweza kusomeka kuwa imeshinda ikiwa huko Korea.

Unadhani ni wasiwasi wa mwalimu tu? Tazama timu ya wanaume ya Iran, waliotwaa dhahabu mara tatu mfululizo. Mwaka 2014 Michezo ya Asia ilifanyika Incheon, mji wa Korea Kusini, na kwenye fainali Iran ikaifunga Japani seti tatu kwa moja. Mwaka 2018 ilifanyika Indonesia, na kwenye fainali Iran ikaifunga Korea Kusini seti tatu bila. Sasa andika:

Iran ilishinda Korea Kusini.
Iran iliishinda Korea Kusini.

Ya kwanza ni 2014, na aliyefungwa ni Mjapani. Ya pili ni 2018, na aliyefungwa ni Mkorea mwenyewe. Tofauti ni -i- moja, ambayo mdomoni inasikika kama irabu iliyovutwa kidogo, na kwenye simu wengi hawaiandiki. Tena -shinda ina maana yake nyingine ya kukaa kutwa: "walishinda Linping" yaweza kuwa walipata ushindi huko, yaweza kuwa walikuwako tangu asubuhi hadi jioni. Ndiyo sababu waandishi wengi wa michezo huikimbilia -funga. "Iliifunga Korea" haina pa kupotelea. Hata hivyo -i- yake iandikwe nayo, kwa kuwa "ilifunga Korea" inaacha sikio likisubiri: ilifunga nini huko Korea?

Nimalizie na barua yako mwenyewe. Pa kwanza umeandika "India waliishangaza", pa pili "India imeifunga". Njia zote mbili zinatumika. Ukiwaza timu, ni I: India imeifunga Korea. Ukiwaza wachezaji, ni WA: India wamewafunga Korea. Barazani changanya upendavyo. Hata mimi nimechanganya humu ndani ukitazama vizuri, kwa kuwa ndivyo tunavyozungumza. Ukiwa unaandika matokeo ya gazeti, shika moja mpaka mwisho wa habari, hasa timu zikiwa mbili na msomaji anahitaji kujua kila kiambishi ni cha nani.