Jicho halidukuliwi, lakini linachoka

SWALI: Kaunti yetu hapa Marekani inataka kuachana na mashine za kuhesabia kura na kurudi kwenye mkono. Hoja yao ni kwamba mashine inaweza kudukuliwa, jicho la mtu haliwezi. Karatasi yetu ya mwisho ilikuwa na nafasi 40 za kupigiwa kura. Wewe unakagua hesabu za kura; unatushauri nini?

JIBU: Hoja hiyo ya jicho naisikia kila msimu wa uchaguzi, na imenichosha. Karatasi 10,000 zenye nafasi 40 ni alama 400,000 za kusomwa moja moja. Aliyeanza kazi asubuhi, ikifika saa nane usiku huruka mstari au hutia alama kwenye safu ya mgombea wa pili, na wala hajui. Hapo hakuna aliyeiba kura, na hesabu bado ni mbovu.

Watu hunitajia Uingereza, wanakohesabu kwa mkono na matokeo mengi yakatoka usiku uleule. Ni kweli. Lakini kwenye uchaguzi wa bunge mpiga kura wa kule huchagua mgombea mmoja tu. Karatasi hupangwa mafungu kwa mgombea, mafungu yakahesabiwa, basi. Yenu ya nafasi 40 itawekwa fungu lipi?

Sisemi mashine ni malaika. Mwaka 2003 huko Schaerbeek, Ubelgiji, mfumo wa kompyuta ulimzawadia mgombea mmoja kura 4,096 ambazo hakuna aliyempigia. Ziligunduliwa kwa sababu jumla yake ilipita kiasi kinachowezekana. Zingekuwa chache zaidi, huenda zingepita kimyakimya.

Kwa hiyo acheni mashine ihesabu, kisha mkono uikague. Colorado ilianza kufanya hivyo jimbo zima mwaka 2017: hurushwa dadu hadharani kupata namba ya kuanzia, karatasi huchaguliwa kwa nasibu kutokana na namba hiyo, na watu huzilinganisha na kile mashine ilichosoma. Tofauti ya wagombea ikiwa ndogo, sampuli huongezwa, hata ikibidi kuhesabu zote. Georgia, mwaka 2020, walihesabu kwa mkono kura zote za urais, takriban milioni 5. Mshindi alibaki yuleyule. Kilichoibuka ni karatasi ambazo watumishi wa kaunti kadhaa walikuwa hawajaziingiza kwenye hesabu. Kosa la watu hilo, na lilionekana kwa kuwa karatasi zilikuwepo.

Ninaowahofia mimi ni waganga wa uchaguzi. Mwaka 2021 seneti ya Arizona ilikodi kampuni isiyo na uzoefu wa kukagua uchaguzi, ikakabidhiwa kura milioni 2.1 za kaunti ya Maricopa. Kuna waliochunguza karatasi wakitafuta nyuzi za mianzi, kwa madai kwamba kura bandia zililetwa kutoka Asia! Ilichukua miezi, zikahesabiwa nafasi mbili tu, na mshindi hakubadilika. Wengine watawajia na grafu za takwimu wakidai tarakimu za matokeo zenyewe zinaonyesha wizi, bila kugusa karatasi hata moja. Wengine watauza programu ya kufichua kura bandia kwa kutazama picha.

Yeyote atakayekuja, mumuulize mambo mawili: nani ataandika kila sanduku linapofunguliwa na kufungwa, na mawakala wa vyama watakaa wapi kuona. Asipoweza kujibu papo hapo, asikabidhiwe ufunguo wa stoo.